MALI BILA DAFTARI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya afya ya watu katika nchi zisizo na mali nyingi. Huenda mwanachama akauliza, "Karani ana nini na mambo ya ugonjwa? Hayo si ya waganga?" Swali hilo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa. Mgonjwa hupona kwa mikono ya watu wengi, na mmoja wao ni yule aketiye mezani na daftari lake.

Neno lisemwalo kila mahali ni kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, huko Nijeria, wakaahidi kutenga kwa ajili ya afya 15 katika kila 100 ya matumizi ya serikali zao. Zilizotimiza ahadi hiyo ni chache. Lakini lipo neno la pili, ambalo halisemwi sana: hizo fedha kidogo zilizopo, je, zaenda panapouma?

Jambo hili lilijaribiwa hapa Tanzania. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na shirika la utafiti la Kanada liitwalo IDRC, ilianza kazi katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita nyumba kwa nyumba, wakiandika waliozaliwa na waliokufa, na kuwauliza jamaa juu ya dalili za ugonjwa uliomwondoa marehemu. Fahamuni, ndugu, ya kuwa wengi hufia nyumbani, wala hawamo katika daftari la hospitali yoyote. Wasipohesabiwa hao, mpango wa wilaya hutengenezwa gizani.

Hesabu zilipowekwa pamoja, watu walistaajabu. Kwa Morogoro, malaria ilichukua 30 katika kila 100 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo, lakini katika makisio ya mwaka 1996 ilipewa 5 tu katika kila 100 ya fedha za afya. Kifua kikuu, kilichochukua pungufu ya 4, kilipewa 22. Angalieni, hakuna mwizi katika habari hii. Fedha zilifuata njia zilizozizoea tu, na hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba njia hiyo haifiki kwa mgonjwa.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa usimamizi. Wakuu wa afya wa wilaya walipewa michoro myepesi: upande huu mzigo wa magonjwa, upande huu matumizi ya fedha. Kwa kutazama tu, mtu aliona palipopungua. Kisha waliachiwa wagawe fedha wenyewe. Watumishi wa zahanati walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu, si lile alilolisema mama peke yake. Vyandarua vyenye dawa vilitiwa mkazo. Zahanati za mbali ziliwekwa chini ya vituo vikubwa vilivyo karibu, ili msimamizi aweze kuzifikia, na simu ya upepo ikapunguza safari za bure. Wanakijiji nao walitengeneza majengo ya zahanati zao kwa nguvu zao.

Gharama ya nyongeza ilikuwaje? Wilaya ziliambiwa zaweza kupata hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Mwanzoni ziliweza kutumia kama senti 80 tu za dola. Na matokeo? Katika Rufiji, mwaka 1999, watoto 100 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 2000 walikuwa 72. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya 40 katika kila 100. Hatusemi ya kuwa usimamizi peke yake ulifanya hayo. Twasema kwamba chandarua na kidonge havina miguu. Hupelekwa na hesabu iliyo sawa.

Nasi tusijitoe. Tulipokuwa wageni kazini tuliwekwa katika ofisi moja iliyopokea maombi ya dawa kutoka zahanati. Siku moja hati moja ilikosa sahihi. Tuliiweka chini ya nyingine, tukingoja mwenyewe aje kuuliza. Hakuja, maana mvua zilikuwa zimekata njia. Majuma matatu dawa zilikaa bohari, na rafu za zahanati ile zikawa tupu. Hatukuiba, hatukulewa, wala hatukuchelewa kazini hata siku moja. Hakuna aliyetukemea. Lakini ni nani waliorudi nyumbani mikono mitupu katika majuma hayo, hatujui hata leo, kwa kuwa hakuna daftari lililowaandika. Hilo ndilo linalotukosesha raha.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, hati yenye kasoro irudishwe siku ile ile, na kasoro yake itajwe waziwazi. Pili, hesabu iandikwe kama ilivyo, si kama mkubwa apendavyo kuiona. Hesabu ya kupendeza humdanganya mwenye kugawa, na anayelipa ni mgonjwa. Tatu, siku dawa inapokwisha iandikwe tarehe, na siku inapofika iandikwe pia, ili pengo lionekane na aulizwe mwenye kuuliziwa.

Ndugu wanachama, wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba na watu hupotea vivyo hivyo. Mishahara yetu ni haki yetu, na chama hiki hakitaacha kuidai. Lakini heshima ya karani haitoki katika barua ya mshahara. Hutoka katika karatasi iliyotoka mezani pake kwa wakati, ikafika inakotakiwa, na mtoto asiyemjua akapona.