Mguu Wako na Kiatu cha Mlimani

Leo tutazungumza juu ya viatu vya kupandia mlima. Mwalimu atasoma kwanza, ninyi mfuate kwa kidole.

Kilele cha Mlima Kilimanjaro kina urefu wa mita 5,895. Wapagazi huupanda na mizigo, kisha huteremka. Kiatu kibaya huwaumiza mara mbili. Wakipanda, kisigino husuguka na kufanya malengelenge. Wakishuka, vidole hugonga ncha ya kiatu, na kucha huwa nyeusi. Mpagazi anayechechemea hawezi kubeba mzigo. Asipobeba mzigo, watoto wake watakula nini?

Wengine husema, "Kinabana, lakini kitatanuka." Sivyo. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana, lakini urefu wa kiatu hauongezeki. Kiatu kikubwa nacho hakifai, maana mguu huteleza ndani yake.

Basi, utachaguaje? Nenda kununua jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana. Vaa soksi za safari. Jaribu viatu vyote viwili, kwani mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Usiitegemee namba peke yake, kwa kuwa 42 ya kiwanda hiki si sawa na 42 ya kiwanda kile.

Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Sasa funga kamba. Panda mahali penye mwinuko: kisigino kisinyanyuke. Teremka: vidole visiguse mbele. Kisha vaa viatu hivyo nyumbani na shambani siku kadhaa kabla ya safari.

Njiani, ukisikia mguu unachoma, simama papo hapo. Toa mchanga, kausha mguu, bandika plasta. Usitumbue lengelenge dogo. Likipasuka, lioshe kwa maji safi na sabuni, kisha lifunike. Ukiona usaha, au wekundu unaenea, nenda hospitali. Mwenye ugonjwa wa kisukari atazame nyayo zake kila jioni, maana huenda asisikie maumivu.

Kabla ya kushuka, kata kucha na ukaze kamba kwenye kifundo cha mguu.

Maswali:
1. Kwa nini tununue viatu jioni?
2. Vidole huumia zaidi wakati wa kupanda au wa kushuka? Kwa nini?
3. Andika maneno haya: kisigino, malengelenge, mpagazi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.