Mrefu wa Kidato cha Pili

Msikilizaji, hapa Kigera mtoto akirefuka kupita wenzake hachukui muda kujulikana. Yuko kidato cha pili, suruali ya shule imegeuka pensi, raba za namba yake hazipatikani kwenye mitumba pale mjini Musoma, na kila mtu mzima anayepishana naye ana ushauri uleule: "Wewe kacheze kikapu." Wengine humtajia Hasheem Thabeet palepale. Kisha hutokea bwana mmoja mwenye simu nzuri, anamfahamu mtu aliyeko Marekani, na anaomba kuonana na mzazi.

Leo nataka tuongelee umri wa mtoto huyo.

Ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, NBA, haimchukui kijana asiyetimiza miaka 19 ndani ya mwaka wa uteuzi. Kwa aliyesoma Marekani lipo sharti la ziada: lazima upite angalau msimu mmoja tangu amalize sekondari. Kanuni hiyo ilitokana na makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2005, ikaanza kutumika 2006. Kabla ya hapo Kobe Bryant na LeBron James walitoka shuleni wakaingia ligi moja kwa moja. Lakini naye Kwame Brown alitoka shuleni mwaka 2001, akachaguliwa wa kwanza kabisa, na nyota iliyotarajiwa haikuwaka. Wenye timu wakachoka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wao husema wanamlinda kijana. Mimi naona wanalinda pochi zao: ule mwaka wa kusubiri, mara nyingi chuoni, ni mwaka wa kumkagua mchezaji kwa gharama ya mtu mwingine.

Na kusubiri kwenyewe si dawa. Hasheem alianza kikapu Dar es Salaam akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani walishacheza nusu ya maisha yao. Akapita sekondari ya Makongo, akavuka kwenda Marekani, akakaa miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Memphis Grizzlies walipomchagua wa pili mwaka 2009 alikuwa na miaka 22, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Hata hivyo, msimu wake wa kwanza haukuisha kabla hajashushwa kucheza ligi ya chini. Huyo si mtoto aliyeharakishwa. Miaka tu haikumtosha. Alichelewa kupata mpira, kocha na uwanja, na muda huo hakuna kanuni ya umri inayourudisha.

Sasa mtazame Khaman Maluach. Kazaliwa Rumbek, Sudan Kusini, kakulia Kawempe, Kampala. Alianza kikapu mwaka 2019. Muda si mrefu akachukuliwa na akademi ya NBA iliyoko Saly, Senegal, na mwaka 2022, akiwa na miaka 15, akacheza ligi ya Afrika, BAL, dhidi ya watu wazima wenye ndevu zao. Akiwa na 16 akacheza Kombe la Dunia, akiwa na 17 Olimpiki ya Paris. Juni 2025, baada ya msimu mmoja chuo cha Duke, akachaguliwa wa 10. Siku hiyo hata 19 alikuwa hajafikisha. Kanuni huhesabu mwaka, na yeye siku yake ni Septemba.

Kwake mambo yalinyooka, na namfurahia. Lakini BAL ni ya nani? Inaendeshwa na NBA pamoja na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Mlango wa mbele umefungwa hadi 19, uani mtoto wa miaka 15 anaingia. Kwa hiyo mzazi wa Kigera akiambiwa kuna kanuni ya 19 inayomlinda mwanawe, asilale usingizi. Mtoto wa huku huondoka nyumbani akiwa na miaka 14 au 15.

FIBA hairuhusu mchezaji kuhamishwa nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwa sheria zetu, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hafungi mkataba. Ni vizuri, ila bwana wa simu nzuri hatamki uhamisho wala mkataba. Anatamka ufadhili wa masomo. Na ufadhili wa kweli upo! Atiki Ally Atiki, kijana wa Mwanza, jirani zetu hapo, alipitia shule huko Canada hadi Chuo Kikuu cha Brigham Young. Nani atamzuia mtoto bahati kama hiyo? Mzazi aulize tu: mlezi wake huko ni nani, jina na simu? Pasi ya kusafiria atashika nani? Goti likivunjika, tiketi ya kurudi Musoma analipa nani? Anayekasirikia maswali hayo ameshajibu.

Halafu lipo letu wenyewe. Kadi ya kliniki inasema mtoto alizaliwa Machi, cheti cha ubatizo kinasema Agosti ya mwaka mwingine, rejista ya shule ina tarehe ambayo mwalimu alikadiria. Hapo ndipo vijeba wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, huzaliwa upya, na wakala akiona karatasi tatu huchagua inayomfaa. Tumeshaonja matokeo yake: Serengeti Boys, timu yetu ya soka ya vijana chini ya miaka 17, walienguliwa mashindano ya Afrika ya 2005 kwa sababu ya umri. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kikatwe mtoto akiwa mchanga, si siku anayoitwa kwenye majaribio.

Wapo Wamarekani wanaotaka 19 ishuke hadi 18. Suala hilo lilijadiliwa, na makubaliano mapya ya 2023 yakaiacha palepale. Mimi, pamoja na kwamba siamini sababu wanazozitoa, naomba ibaki. Wasaka vipaji huhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye namba hiyo. Ikishuka mwaka mmoja kule, bwana wa simu nzuri ataacha kumngoja mtoto wa kidato cha pili. Atamfuata darasa la saba.