Mvinje si Msonobari: Ushahidi wa Maua katika Kuainisha Mimea



Mvinje mnaujua. Umejaa ufukweni, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na wageni wengi huutazama wakaapa kwamba ni msonobari. Siwalaumu. Una sindano ndefu za kijani, una koni ngumu inayochoma mguu wa mtembea pekupeku, na upepo ukivuma huimba kama misonobari ya Sao Hill kule Mufindi.

Basi chumeni sindano moja ya mvinje, muivute taratibu. Itakatika kwenye pingili, na hapo penye pingili lenzi ndogo itawaonyesha duara la magamba madogo, saba hivi. Majani ya mvinje ni hayo magamba. Sindano yenyewe ni kijitawi. Sindano ya msonobari wa Mufindi ni jani kweli, nayo kwa kawaida hutoka tatu tatu katika kifungu kimoja.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye uzazi. Kile tunachokiita koni ya mvinje ni kishada cha matunda. Kila kinywa kinachofunguka pale kilianza kama ua la kike, dogo, lisilo na petali, lakini lenye ovari iliyoifunika mbegu changa. Koni ya msonobari haina ovari. Mbegu hukaa wazi juu ya gamba. Mbegu kufunikwa au kuachwa wazi ndiyo tofauti inayoigawa mimea yote ya mbegu iliyo hai leo katika makundi mawili makubwa, na kwa kigezo hicho mvinje ni ndugu wa mwembe kabla ya kuwa jirani wa msonobari.

Mtapo hutuhadaa kwa upande wa pili. Huu ni mmea wa pwani ya Kenya na Tanzania ambao kwa wataalamu ni Encephalartos hildebrandtii. Ukiuona kwa mbali utadhani ni mnazi uliodumaa. Mnazi hutoa maua. Mtapo hautoi ua maisha yake yote. Una mti dume na mti jike, kila mmoja na koni zake, na mbegu zake ziko wazi kama za msonobari. La kustaajabisha limo ndani zaidi: chembe ya kiume ya jamii hii ya mimea ina vinyweleo, nayo huogelea kulifikia yai. Wajapani wawili waliligundua jambo hili mwaka 1896, Sakugoro Hirase katika mti wa ginko na Seiichiro Ikeno katika mmea wa jamii ya mtapo. Kuogelea ni tabia ya kangaga. Kangaga haina mbegu. Hutoa spora kwenye madoa ya kahawia chini ya jani, spora huota kijimea kidogo kuliko ukucha, na juu ya kijimea hicho ndipo dume na jike hukutana, mradi pawe na maji. Mjerumani Wilhelm Hofmeister alionyesha mwaka 1851 kwamba mpishano huu wa vizazi viwili unapita katika kuvumwani, kangaga na misonobari, na hapo ndipo makundi yaliyokuwa yakitajwa mbalimbali yalipoanza kusomeka kama ukoo mmoja.

Carl Linnaeus wa Uswidi alikuwa ameshauona uzito wa uzazi tangu 1735, alipoigawa mimea katika ngeli 24, nyingi zake kwa kuhesabu tu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Mtaalamu mwenzake wa mimea, Johann Siegesbeck, aliuona mfumo huo kuwa uchafu usiofaa kufundishwa vijana. Mimi naona kasoro yake ilikuwa nyingine kabisa: hesabu ni rahisi mno. Kwa kuwa rozimeri ina stameni mbili na mrehani una nne, Linnaeus aliwatenganisha ndugu hawa ambao hata pua ya mpishi huwatambua. Mimea ambayo hakuyaona maua yake aliisukuma yote katika ngeli ya mwisho, pamoja na uyoga.

Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu alileta dawa mwaka 1789: pima sifa nyingi kwa pamoja. Mkarafuu, mpera, mzambarau na mkaratusi haifanani kwa mbali, lakini ni ya ukoo mmoja. Inua jani la mojawapo kwenye mwanga, utaona vitone vya mafuta. Fungua ua, utakuta stameni tele na ovari iliyokaa chini ya petali. Karafuu yenyewe ni ua lililochumwa kabla ya kuchanua, na stameni zake zimejikunja chini ya kile kikofia cha juu. Nashangaa mwanafunzi wa Unguja au Pemba anaposomeshwa sehemu za ua kwa mchoro wa waridi.

Hata hivyo ua nalo si shahidi asiyehongeka. Jani hufuata jua na ukame. Ua humfuata mdudu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alikusanya Usambara mmea wenye maua bapa ya zambarau, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akauundia jenasi yake, Saintpaulia. Jamaa zake wa karibu, Streptocarpus, wengi wana maua ya mrija. Tofauti hiyo ilitosha kuwatenga kwa zaidi ya karne moja, hadi vinasaba vilipoonyesha kwamba Saintpaulia ni tawi lililochipuka ndani ya Streptocarpus yenyewe. Mwaka 2015 jenasi ikafutwa. Jina la Saint Paul limebaki kama kijisehemu cha jenasi hiyo kubwa, na wauza maua wanaendelea kuliandika kwenye vyungu vyao.