DAFTARI LA MWILI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya maradhi ya kuambukiza na jinsi mwili unavyojikinga. Mimi si tabibu. Ni karani kama ninyi, na kazi yangu ni majalada. Lakini katika kusoma habari hizi nimeona kwamba mwili wa binadamu nao una masjala yake na daftari lake. Basi mtaniwia radhi nikisema kwa lugha ya kazi yetu.

Mwaka 1781 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, vilivyo mbali katika bahari ya kaskazini, chini ya mfalme wa Denmark. Ikapita, ikatoweka, na kwa muda wa miaka 65 haikuonekana tena huko. Hata mwaka 1846 fundi seremala mmoja akatoka Copenhagen, akaja nayo bila kujua. Watu wa visiwa vile hawakutimia 8,000, na kwa miezi michache yapata 6,000 wakaugua. Ndipo serikali ilipompeleka tabibu kijana wa miaka 25, Peter Ludwig Panum. Akaenda kijiji kwa kijiji, akiuliza na kuandika, akaona jambo la ajabu: miongoni mwa wazee waliougua mwaka 1781, hakumpata hata mmoja aliyeugua mara ya pili. Wazee wale pengine walikuwa wamesahau mengi ya utoto wao, lakini miili yao haikusahau.

Leo wataalamu wanajua daftari hilo limewekwa wapi. Katika damu na tezi zetu mna chembe nyeupe. Kijidudu kigeni kiingiapo, ziko chembe zinazokitambua kwa umbo lake. Hizo huongezeka, na baadhi yao hutengeneza kingamwili, yaani vitu vidogo mno vyenye kukishika kijidudu kile kisipate kudhuru. Mara ya kwanza kazi hii huchukua siku nyingi, na ndizo siku tunazolala kitandani. Maradhi yakiisha, chembe nyingi hufa, lakini chache hubaki kama makarani wa masjala. Adui yule akirudi, jalada lake hutolewa mara moja, naye hufukuzwa hata kabla hatujajua kwamba alibisha hodi. Na chanjo ni nini? Ni kufungua jalada la adui kabla hajafika.

Sasa sikilizeni ubaya wa surua. Kirusi chake hupenda hasa kuingia katika chembe zile zile zishikazo kumbukumbu, na kuziua. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza habari za watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, ambao damu yao ilipimwa kabla na baada ya kuugua surua. Ikaonekana kwamba watoto wale walipoteza tangu 11 hata 73 katika kila 100 ya kingamwili zao za maradhi mengine. Jalada la surua yenyewe hubaki. Mengine ndiyo yaliyochomwa. Mtoto hupona vipele, kumbe amerudi kuwa kama mtu asiyeandikisha kitu.

Nasema haya kwa sababu yamenifika. Binti yangu alichanjwa surua alipotimiza miezi 9. Chanjo ya pili ilikuwa ya miezi 18, juma lile nalikuwa nikifunga hesabu za mwaka, nikamwambia mama yake, "Moja yatosha, ya pili tutakwenda mwezi ujao." Mwezi ujao ukawa mwingine, na mwingine. Mtoto akaugua surua, akapona, tukashukuru. Haikupita miezi mitatu akashikwa na kichomi, kisha masikio yakatoka usaha, kisha akaharisha hata akakonda. Siwezi kuapa kwamba kila ugonjwa ulitokana na surua. Lakini mimi, nisiyeacha barua ya ofisi ilale bila majibu, niliiacha tarehe iliyoandikwa katika kadi ya mwanangu mwenyewe. Sasa ni mzima, namshukuru Mungu. Aibu imebaki kwangu.

Mtauliza, kwa nini mara mbili? Mama humgawia mtoto kingamwili zake tangu tumboni. Katika miezi 9 huenda mabaki yake bado yamo, nayo huidhoofisha chanjo kabla mwili wa mtoto haujaiandika. Kwa hiyo wako watoto wasioandika kitu mara ya kwanza, na kwa macho huwezi kuwajua. Chanjo ya pili ndiyo inayowapata hao. Tena surua huenea upesi kuliko maradhi karibu yote. Ili isipate njia mjini, yapasa watu 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Kwa hiyo mtoto wa jirani naye amo katika hesabu yako.

Wenzangu, wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali gani tuliyo nayo ipitayo watoto? Leo jioni, kabla ya kula, kila mmoja wetu na aombe kadi ya mtoto wake, aisome kama asomavyo jalada la ofisi. Na akiona nafasi tupu, kesho asubuhi aombe ruhusa ya saa mbili. Hesabu za mwaka zitangoja.