Mkono Umepona, Mtu Bado Amechoka

Nimekuja kumzungumzia mgonjwa ambaye hospitali imemwandika amepona. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani, akalazwa, akarudi nyumbani akitembea bila fimbo. Majirani wakamshukuru Mungu. Haukupita muda mrefu, nyumbani minong'ono ikaanza: huyu siku hizi mvivu. Akioga tu, analala. Akitumwa unga mashineni, anarudi mikono mitupu na kuuliza alitumwa nini. Zamani machimboni aliwagawia wenzake wa duara, yaani shimo la dhahabu, viroba vya mawe bila kuandika popote. Leo anadai deni alilokwisha kulipwa.

Huyo si mvivu. Presha iliyoachwa miaka mingi hudhoofisha mishipa midogo inayopenya katikati ya ubongo. Mmoja ukipasuka, damu husukuma na kuua sehemu ambamo njia za kumbukumbu na za kuwa macho hupita zimebanana. Damu ikishanyonywa, njia zilizokatika hubaki zimekatika. Ndiyo maana atakusimulia harusi yake vizuri, na maneno ya asubuhi ya leo hayapo. Uchovu wake nao hauishi kwa usingizi. Huwapata takriban nusu ya waliopona kiharusi, wakiwemo wale ambao kiharusi chao kilikuwa kidogo. Makelele ya sokoni na watu watatu wakiongea kwa pamoja humchosha kuliko jembe.

Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai na jijini Dar es Salaam. Tofauti za umri zikishasawazishwa, Hai ilikuwa na watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam 315.9. Afrika, sehemu ya viharusi vinavyotokana na damu kuvuja ni kubwa kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ni sababu mojawapo kubwa. Tumejifunza kuhesabu wanaoanguka. Wanaoinuka tunawapima kwa mizani iliyoanzia Scotland mwaka 1957 kwa daktari John Rankin, ambayo hutazama zaidi kama mtu anatembea na kujihudumia. Kwa mizani hiyo, mtu wetu amefaulu.

Kipimo cha kumbukumbu tunacho, na wazee wa Hai ndio waliosaidia kukiunda. Kinaitwa IDEA. Kilikusudiwa ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, lakini kinamfaa asiyesoma: anakumbuka maneno aliyotajiwa, anataja majina ya wanyama, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Naona hakuna sababu ya kumruhusu mgonjwa wa kiharusi aondoke wodini bila kupimwa namna hiyo, na bila ndugu zake kuelezwa majibu.

Kwa mchimbaji, daktari aulize pia kuhusu zebaki. Aliyechenjua dhahabu kwa zebaki miaka mingi mialoni anaweza kusahau na kutetemeka kwa sumu hiyo, na kiharusi kikabebeshwa lawama zote.

Na kurudi kazini? Mwenye duara asimshushe shimoni mtu asiyekumbuka kama kamba ameifunga. Ampe kazi ya juu, nusu siku, asubuhi akili ikiwa na nguvu. Hesabu ya viroba iandikwe, na mwenzake aikague. Mgonjwa aimeze dawa ya presha kila siku hata akijisikia mzima, akikumbushwa na mtu wa nyumbani, kwa kuwa yeye mwenyewe ataisahau.