Kazi Imefanyika, Ujuzi Haujatajwa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya maofisa na walimu wanaosimamia wanafunzi wa vyuo walio katika mafunzo kwa vitendo.)

Ndugu Wasimamizi,

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo huja maofisini mwetu kwa majuma kadhaa, na barua ya utambulisho mkononi. Twawapokea, twawaonyesha meza, kisha twawasahau. Siku ya mwisho twagonga mhuri na kuandika: "Ana bidii na tabia njema." Je, maneno hayo yatamfaa nini kijana siku atakapoulizwa na mwajiri anajua kufanya nini?

Mimi mwenyewe nilipomaliza kipindi changu katika ofisi moja, niliulizwa nimejifunza nini. Nikajibu kwa haya: "Nilikuwa masjala, napanga majalada." Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kuipeleka kila barua kwa mhusika wake ni kuujua muundo wa ofisi, kwamba kutunza siri ya jalada ni uaminifu unaopimika, kwamba kumtuliza mwananchi aliyekuja mara ya tatu kuulizia shauri lake ni stadi ambayo wengine hustaafu bila kuipata. Ujuzi nilikuwa nao, ila sikujua kuwa ninao.

Jambo hili si geni kwetu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa kuitenga elimu na kazi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini swali lake limebaki: je, kazi hufundisha kwa kufanywa tu? Nasema hapana. Kazi isiyozungumzwa humchosha mwanafunzi bila kumwelimisha. Leo VETA humpima fundi aliyejifunzia mtaani na kuurasimisha ujuzi wake. Tutashindwaje sisi kumtambua kijana tuliye naye chumba kimoja?

Tufanye nini basi? Kwanza, mwanafunzi apewe kazi yenye mwanzo na mwisho, na aambiwe inamsaidia nani. Pili, kila Ijumaa tukae naye robo saa tumwulize: Umefanya nini? Ulikwama wapi, ukajinasuaje? Ni wapi pengine ujuzi huo wahitajika? Majibu ayaandike katika daftari lake kwa maneno yake mwenyewe. Tatu, taarifa yetu itaje matendo: "Alisajili barua zilizoingia, akagundua mbili zilizopotea njia, akazifikisha kwa mhusika."

Wala tusiwapambe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Palipo na upungufu tuuseme mapema, angali na muda wa kujirekebisha. Na kama majuma yote tumemtuma chai na vocha, tusitafute maneno ya kuupamba ukurasa mtupu. Upungufu huo si wake, Ndugu zangu, ni wetu.