Mkondo wa Kurudi: Mada Kuhusu Bodi za Saketi Nyumbufu



Treni ya umeme ipitayo hapa Luena, Katanga, hupokea volti 25,000 kwa waya ulioning'inia juu yake, na kwa kuwa macho ya watu huelekea juu, ni wachache wakumbukao kwamba umeme huo sharti urudi ulikotoka, na kwamba reli zilezile zibebazo magurudumu ndizo ziurudishazo. Katanga ilianza kuendesha treni kwa umeme wa namna hii mwaka 1952, na mhandisi wa reli hathubutu kuchora waya wa juu pasipo kuzihesabu reli za chini. Ilhali mchoraji wa bodi nyumbufu aghalabu huihesabu safari ya kwenda tu.

Bodi nyumbufu ni utando wa poliimidi, mathalani wenye unene wa mikromita 25, uliobandikwa shaba ya mikromita 18 au 35: ndio ule utepe wa rangi ya kaharabu ambao fundi wa simu huukuta kati ya kioo na bodi kuu. Penye kukunjwa mara kwa mara, shaba na iwe ya kupitishwa rolani, si ya kukuzwa kwa umeme.

Ama nguvu, tuchukue njia ya shaba ya mikromita 35, upana milimita 1, urefu milimita 100. Ukinzani wake ni omu 0.05 hivi, zikipita ampea 2, volti 0.1 hupotea katika kwenda, na njia ya kurudi ikiwa nyembamba vivyo hivyo, volti 0.1 nyingine hupotea, hata chipu iliyoahidiwa volti 1.8 ikaambulia 1.6. Kuipanua njia ya kwenda peke yake ni kutenda nusu ya kazi.

Ishara ya kasi ina tabia nyingine. Umeme mtulivu hurudi penye ukinzani mdogo, bali ishara ya kasi hurudi penye induktansi ndogo, yaani chini yake hasa. Ikikuta ufa katika shaba ya ardhi, yaani tabaka la kurudishia umeme, huuzunguka, na mzunguko huo huzisumbua ishara jirani. Wengi huitoboa shaba hiyo iwe kama wavu ili bodi ikunjike kwa wepesi, na si haramu. Walakini wavu huongeza impidansi, na jozi ya njia za ishara iliyokusudiwa omu 100 huikosa shabaha yake. Rai yangu ni kwamba chini ya jozi za kasi ibaki shaba kamili, iliyo nyembamba, na wavu upelekwe kwingineko.

Penye mkunjo, njia za tabaka mbili zisilaliane, wala pasiwe na tundu lolote; bodi ikunjwayo mara moja ipewe nusukipenyo cha mara kumi ya unene wake walau, na ikunjwayo kila siku karibu mara mia.

Fauka ya hayo, poliimidi hunyonya unyevu wa hewa, na masika yetu hayana uhaba wake. Kabla ya kulehemu, bodi ikaushwe kwa nyuzi 120 kwa saa kadhaa, la sivyo mvuke utazifumua tabaka.